Nganya umeinunua, hukuijenga

Kuna mwenye gari mmoja amenikera kweli. Kasimama mbele ya nganya yake mpya, yaani matatu iliyopambwa kwa michoro, funguo mkononi, anajirekodi: "Hii chuma nimeijenga mwenyewe!" Wewe? Kwa mikono ipi? Yako ilishika kalamu ya kusaini mkopo tu.

Tusidanganyane. Isuzu inaponunuliwa ni chesisi na injini. Bodi yote, kuanzia mabomba ya fremu hadi mabati, viti na ngazi, inachomelewa na mafundi wa hapahapa Nairobi. Hata Hiace ya watu 14 haijipambi yenyewe. Halafu anaingia mchoraji, na hapo ndipo roho yangu ilipo. Nimewahi kumtazama kijana akichora jicho la Tupac: kwanza msasa mpaka bati linang'aa, kisha rangi kidogo kidogo, mkono wa kushoto umeshikilia wa kulia usitetemeke. Amejifunga kitambaa puani, eti ndiyo barakoa. Alipomaliza, lile jicho lilikuwa linakutazama kila unakosimama. Hela zake? "Kesho, bro." Kesho ya matatu mnaijua.

Sawa, mwenye gari naye ana mkopo, ana askari wa kila kona, na bila pesa yake hakuna nganya. Nimekubali. Tuendelee.

Mnakumbuka sheria za matatu za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, 2004? Vidhibiti mwendo, mikanda ya usalama, ukanda wa manjano ubavuni, michoro ikapigwa vita. Mikanda naiunga mkono hadi leo. Ila wenye magari waliendelea kukusanya nauli. Mchoraji je, mnadhani alilipa kodi ya nyumba kwa kupaka ule ukanda? Mwaka 2014 Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo, alipowafungulia njia vijana wa graffiti, kila mwenye gari akageuka ghafla mpenzi wa sanaa.

(Muziki wa kupasua masikio tuuache. Mama yangu ana hoja zake, na zote ni za kweli.)

Leo kondakta anajulikana kwa jina, dereva ana mashabiki, nganya yenyewe inapigwa picha na watalii. Mchoraji ana saini ndogo karibu na taa ya nyuma, nayo imebandikwa stika juu. Aibu! Pale kando ya mlango pana nafasi tele. Andikeni jina lake na namba ya simu kwa herufi kubwa, na salio lake mlipeni kabla gari halijatoka gereji.