Anzeni na uzi wa katani kabla ya Python

Wanafunzi wengi wa fizikia wakishaijua kidogo Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hukimbilia amri iliyokwisha kuundwa ya kutatua milinganyo. Mchoro unatoka laini, basi wanaamini. Kwa maoni yangu huko ni kuanza mwishoni. Anayejifunza mbinu za kinamba, yaani kutatua milinganyo kwa hatua ndogo ndogo za hesabu, aanze na jedwali la Excel na pendulamu halisi, na kwa Tanga pendulamu haina gharama: uzi wa katani na jiwe.

Pima mita 1 kutoka fundo la juu hadi katikati ya jiwe. Livute kidogo, kama sentimita 10, uliachie, kisha hesabu mizunguko 10 kwenda na kurudi. Utapata takribani sekunde 20. Hilo ndilo jibu ambalo kompyuta italazimika kulifikia.

Sasa jedwali. Safu nne zinatosha: muda, pembe, kasi ya pembe na nishati. Anza na pembe 0.1, kasi sifuri, hatua ya sekunde 0.01. Pembe mpya ni ya zamani kujumlisha kasi mara hatua; kasi mpya ni ya zamani kutoa 9.8 (mchapuko wa mvutano wa dunia, kwa uzi wa mita 1) mara sine ya pembe ya zamani mara hatua. Pembe iwe kwa radiani. Ukiandika 6 ukidhani ni nyuzi, Excel itasoma radiani 6, yaani karibu mzunguko mzima, na haitakuonya.

Hiyo ni njia ya Euler. Buruta fomula hadi mstari wa 1,000, sekunde 10 zitimie, halafu tazama safu ya nishati: imepanda zaidi ya mara mbili na nusu! Jiwe lako kwenye uzi linapoteza nishati kwa upinzani wa hewa, la kwenye jedwali linajizalishia. Ukipunguza hatua hadi 0.001 ongezeko linabaki karibu asilimia 10, ila mistari sasa ni 10,000. Kosa halijaondoka, limepunguzwa tu kwa gharama ya hesabu nyingi.

Dawa yake inashangaza kwa udogo. Kokotoa kasi mpya kwanza, kisha tumia hiyo hiyo mpya kupata pembe. Ni kubadilisha rejeo la seli moja tu, na nishati inaacha kupanda. Inayumba kidogo juu na chini. Mwanafunzi aliyeliona hili kwa macho yake ndiye atakayeelewa kwa nini watu walihangaika kubuni njia ya Runge-Kutta ya daraja la nne, ambayo ukigawa hatua kwa mbili kosa hupungua kama mara 16, wakati la Euler hupungua nusu tu.

Na muda usiupate kwa kujumlisha 0.01 tena na tena, kwa sababu kompyuta haiwezi kuhifadhi 0.01 kikamilifu. Zidisha namba ya mstari kwa hatua.

Python ije kwenye usambaaji wa joto. Kwa nondo ya chuma iliyogawanywa vipande vya sentimita 1, majibu ya njia rahisi kama ya Euler hulipuka, yaani namba hukua bila kikomo, hatua ikizidi takribani sekunde 2.2. Ukitaka vipande vya nusu sentimita, kikomo kinashuka hadi kama 0.54: vipande mara mbili, hatua mara nne, hesabu mara nane. Kuburuta fomula hapo ni adhabu.