Saa 90 barabarani: hoja ya kampasi ndogo za wilayani

Kila chuo kinapotangaza kufungua kituo nje ya mji, iwe Karatu, Same au Rombo, lawama huwa ni ileile: elimu inakwenda kuchakachuliwa. Wanaolalamika wana sababu zao, tena nzito, na nitazifikia. Lakini mjadala huu huanzia pabaya, kwa kuwa tunatazama majengo kabla ya kujiuliza krediti yenyewe ni kitu gani.

Krediti ni muda. Kwa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, na kwa NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na ndani yake mna darasa, semina, vitendo, kujisomea hata mitihani. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Mwaka mzima ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni 360. Karatasi ya mchanganuo wa kozi ya krediti 12 inaweza kusomeka hivi, kwa saa: mihadhara 45, semina 15, vitendo 15, kazi za kutathminiwa 15, kujisomea 30. Hakuna safu inayouliza darasa liko mji gani.

Sasa mchukue mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Karatu, anayesoma Jumamosi Arusha mjini. Kwa basi ni kama saa tatu kwenda na tatu kurudi. Muhula una wiki 15, kwa hiyo anakaa kwenye kiti cha basi saa 90. Zigeuze saa hizo kuwa krediti: ni 9, karibu kozi moja kamili. Kwa mihula sita ni saa 540, sawa na krediti 54, wakati muhula mzima wa masomo ni krediti 60. Yaani katika kusaka shahada, mtu huyu amelipa barabarani muda unaokaribia muhula mzima, na muda huo hauandikwi kwenye transkripti yake.

Linaloniuma zaidi ni mahali saa hizo zinapotoka. Hazitoki kwenye mihadhara, kwa sababu mahudhurio yanasainiwa. Hazitoki kwenye majaribio wala kazi za kukusanya, kwa sababu zina alama. Zinatoka kwenye zile saa 30 za kujisomea za kila kozi, ambazo hakuna anayezisaini. Jumamosi usiku amechoka, Jumapili ana ibada na shamba, Jumatatu yuko darasani kwake na watoto. Kwa hiyo kozi iliyoandikwa krediti 12, kwake inaishia kuwa 10 au 9. Kama uchakachuaji ni kupunguza kilichomo huku lebo ikibaki vilevile, basi unatokea leo, kwa mwanafunzi wa mbali anayesomea kwenye jengo zuri la mjini. Kituo cha Karatu chenye vyumba vitatu kingemrudishia saa zake.

Kupanga chumba mjini ni njia ya kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi na ana wazazi wa kumlipia. Mwenye duka, mwenye ng'ombe wa maziwa au anayeuguza mzazi hana njia hiyo.

Wala masomo ya nje ya mji si jambo geni kwetu. Chuo cha Misitu Olmotonyi kipo tangu 1937, na Mweka inafundisha uhifadhi wa wanyamapori tangu 1963; vyote viko nje ya mji na hakuna anayedharau vyeti vyake. Chuo cha Ufundi Arusha kina kampasi ya Kikuletwa, wilayani Hai, kwa mafunzo ya nishati jadidifu. Pale mto ni sehemu ya karakana. Umeme wa maji hauwezi kuuelewa vizuri kwenye ubao wa darasa la mjini.

Tuje upande wa pili. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo na vituo 19 kudahili wanafunzi wapya, na miongoni mwake vilikuwamo vituo vya Arusha vya vyuo vikuu vya Kenya. Wazazi wa huku hawajasahau. Hofu yao ni ya watu waliokwisha kuona kituo kikifunguliwa kwa shangwe na baadaye kikibanwa, na hawastahili kubezwa.

Pia kuna gharama. Mhadhiri analipwa sawa akiwa na wanafunzi 14 au 60. Kituo kikipata 14, chuo kinaanza kubana matumizi, na kinabana palepale ubora ulipo. Ubanaji wa kwanza ni wa ratiba: mhadhiri wa muda anatoka mjini wikiendi mbili tu, na mihadhara ya saa 45 inasukumwa ndani ya siku nne. Hiyo ni zaidi ya saa 11 kwa siku. Hakuna kichwa kinachobeba hivyo, na semina zinakufa kimyakimya.

Ubanaji wa pili ni wa vitendo, na hapa nakubaliana na wapinzani bila kusita. Tuseme kozi ya ufundi umeme ngazi ya 4, yaani cheti cha awali, wanafunzi 20, meza moja ya kufungia mfumo. Kila jozi inatakiwa ifunge saketi ya taa kwa waya wa milimita za mraba 1.5 na ya soketi kwa 2.5, ipime kwa mita, ifungue tena. Ipe saa tatu. Jozi 10 zinahitaji saa 30 za meza. Kama mchanganuo umetenga saa 15 za vitendo, nusu ya darasa haitagusa waya. Kinachofuata kinajulikana: mkufunzi anafunga mwenyewe, wanafunzi 20 wamemzunguka, fomu ya vitendo inasainiwa. Fundi wa namna hiyo akienda kufunga nyumba ya mtu ni hatari kwa wenye nyumba. Lakini angalia kilichokosekana: meza ya pili. Ukiwa na meza mbili, kila moja inahitaji saa 15, na hesabu inakubali. Hata kampasi ya mjini yenye wanafunzi 80 na meza nne imekwama palepale, ila kule haionekani kwa kuwa geti ni kubwa.

Wapo wanaosema mtu wa wilayani asome Chuo Kikuu Huria, kinachofundisha kwa masafa, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 mahsusi kwa watu kama yeye, na kina vituo mikoani, Arusha na Moshi vikiwamo. Kwa masomo ya sheria, ualimu au utawala, ni ushauri mzuri. Kwa masomo yenye karakana au maabara, simu haitoshi, na kituo cha mkoa bado kiko mbali na mtu wa Loliondo.

Mbona basi tusivitumie Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi? Viko 54 nchini, vilianza 1975, na vina vitu ambavyo kituo kipya hukosa: mabweni, karakana, shamba, na wenyeji wanaovijua. Chuo kikubwa kikipangisha humo madarasa ya jioni na wiki za vitendo wakati wa likizo, hakuna haja ya kumwaga zege. Muhimu ni kila kozi ibebe msimbo uleule wa makao makuu, mtihani uwe uleule na saa ileile, na alama za jaribio la kwanza ziingizwe kwenye mfumo wa chuo kabla ya wiki ya 8. Alama zinazokaa kwenye daftari la mkufunzi hadi mwisho wa muhula ndizo zinazompa mwanafunzi matokeo yasiyokamilika, na mwaka unamponyoka kwa kosa lisilo lake.

Anayetaka kujiunga na kituo kama hicho aulize mambo matatu kabla ya kulipa ada. Kwanza, programu hiyo imeorodheshwa kwenye mwongozo wa udahili wa TCU au NACTVET kwa kampasi ile, au kwa makao makuu peke yake? Pili, anapewa krediti au cheti cha ushiriki? Kozi fupi ya wiki sita inaweza kuwa na faida kubwa mno, lakini haitamwondolea moduli, yaani somo la programu, hata moja baadaye. Tatu, maelezo ya moduli anapewa kwa maandishi? Ayatunze yote, maana siku akihama, chuo kinachompokea kitalinganisha maudhui na idadi ya krediti, na jina la kozi pekee halitamsaidia.

Kisha aombe kuingia karakana na ahesabu meza. Kwa wanafunzi 20 wa umeme, zisipungue mbili.