Sensa za nano na kemikali za ubongo: tunapima nini hasa?

Kila ninaposoma kwamba sensa mpya ya grafini (utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja) imenasa dopamini, mojawapo ya kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya seli za neva, kwa kiwango kidogo kuliko zote zilizotangulia, huuliza kwanza: ilipimwa ndani ya nini? Mara nyingi ni ndani ya kichupa cha maji ya chumvi, dopamini ikiwa peke yake. Ubongoni haiwi peke yake kamwe.

Hata hivyo, wazo lenyewe ni zuri mno. Dopamini ikigusa elektrodi, yaani ncha inayopitisha umeme, yenye volteji ya kutosha hupoteza elektroni mbili, nasi huziona kama mkondo wa umeme. Ralph Adams wa Chuo Kikuu cha Kansas alichomeka elektrodi ya kaboni kwenye ubongo wa panya hai mwanzoni mwa miaka ya 1970. Leo hutumika uzi wa kaboni wenye unene wa takriban mikrometa 7, na volteji yake hupandishwa na kushushwa mara 10 kila sekunde. Ukinyonya majimaji ya ubongo kwa mrija ili uyapime baadaye, kwa kawaida kila sampuli hubeba wastani wa dakika kadhaa, ilhali dopamini huweza kupanda na kushuka ndani ya sekunde chache.

Nyenzo za nano, yaani zilizoundwa kwa chembe ndogo mno kama grafini, zimeongeza nini hapo? Uso mpana kwenye ncha ndogo, ndiyo, lakini mimi nathamini zaidi uwezo wa kutenganisha. Vitamini C ubongoni hufikia mamia ya mikromola, dopamini ni nanomola tu (nanomola ni sehemu moja ya elfu ya mikromola), na kwenye kaboni tupu zote mbili hupoteza elektroni kwenye volteji zinazokaribiana. Mchoro wa mkondo dhidi ya volteji huonyesha kilima kimoja kipana, usijue kipi ni cha nani. Paka neli za kaboni (vijineli vya kiwango cha nano) kwenye elektrodi, na kilima cha vitamini C husogea pembeni. Ongeza utando wa Nafion, aina ya plastiki yenye chaji hasi, nao huisukuma vitamini C, ambayo ni hasi, na kuivuta dopamini, ambayo ni chanya. Hayo ni mafanikio ya kweli.

Taabu huanza saa zinapopita. Mazao ya serotonini, kemikali nyingine ya ujumbe, iliyopoteza elektroni hung'ang'ania uso wa elektrodi, na protini za mwili huja kuutanda. Baadhi ya nyenzo hizi hupunguza utando huo bila kuukomesha. Glutamati na asetilikolini, ambazo nazo ni kemikali za ujumbe, kwa upande wao hazitoi mkondo zenyewe; zinahitaji vimeng'enya, na kimeng'enya huchakaa hata kikikalia dhahabu ya nano. Tena neli za kaboni za mkupuo mmoja hazilingani na za mwingine. Imewahi kuonyeshwa kwamba mabaki ya chuma kilichotumika kuzitengeneza ndiyo yaliyofanya kazi iliyosifiwa kuwa ya kaboni.

Linalonisumbua kuliko yote ni ahadi ya kupima jasho au damu ili kujua hali ya ubongo. Dopamini ya damuni haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, na sehemu kubwa ya serotonini mwilini hutengenezwa utumboni. Sensa inaweza kutoa namba sahihi kabisa, na mgonjwa mwenye sonona akaambiwa jambo lisilohusu ubongo wake hata kidogo. Kwa uvimbe wa tezi za adrenali unaomwaga adrenalini na jamii yake, sawa: kemikali hizo na mabaki yake hupimwa kwenye damu na mkojo kwa haki, na sensa rahisi ingesaidia.

Kwa hiyo naziunga mkono kwa moyo wote kama chombo cha utafiti ndani ya ubongo. Kama kifaa cha kuvaa mkononi cha kupimia sonona, bado sijashawishika. Nionyesheni kwanza sensa iliyokaa kwenye tishu hai kwa siku kadhaa, ikatolewa, ikarudishwa kwenye kichupa kilekile cha mwanzo, na mkondo wake ukapimwa upya tuone umepungua kiasi gani.