Gurukul ilikuwa bure, ila mlango ulikuwa na mwenyewe

Mjadala wa elimu ukichacha mitandaoni, hakosi mtu wa kuisifia gurukul, shule ya nyumbani kwa mwalimu (guru), ya India ya kale: guru mwenye hekima, wanafunzi chini ya mti, hakuna ada wala mitihani. Picha hiyo naipenda hata mimi. Tatizo langu ni sehemu wanayoiruka.

Mtoto alihamia kabisa nyumbani kwa guru. Maandiko ya sheria ya Kihindu yanataja miaka 8 kwa mtoto wa Brahmini (tabaka la makuhani), 11 kwa wa Kshatriya (wapiganaji), 12 kwa wa Vaishya (wafanyabiashara na wakulima). Alivishwa uzi mtakatifu, kisha akawa mtoto wa nyumba ile: kuokota kuni za moto wa ibada, kuchunga ng'ombe, kupita nyumba kwa nyumba akiomba chakula na kumpelekea mwalimu kabla ya kula. Malipo, gurudakshina, yalitolewa masomo yakiisha. Mwalimu aliyefundisha kwa ujira wa mapatano, Sheria za Manu, mojawapo ya maandiko hayo, zinamweka kwenye kundi la wasioalikwa karamu ya kuwakumbuka wafu. Hapo nawavulia kofia.

Halafu kuna kumbukumbu. Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu, zilipokezwa kwa mdomo karne kwa karne, na ili neno lisipotee, mwanafunzi alilikariri kwa mipangilio mbalimbali. Kwenye ule uitwao ghana, maneno matatu husomwa hivi: la kwanza na la pili, la pili na la kwanza, la kwanza, la pili, la tatu, kisha kinyumenyume, kisha mbele tena. Ukikosea silabi moja, unaumbuka papo hapo. Sisi tunaosahau hata namba zetu za simu tusiwacheke.

Sasa mlangoni. Chandogya Upanishad, andiko jingine la kale la Kihindu, inamsimulia Satyakama, kijana asiyejua ukoo wake. Mama yake, Jabala, alimwambia ukweli: alimzaa ujanani akiwa mtumishi wa kuhamahama, hajui ni wa ukoo gani. Satyakama akayafikisha hayo kwa guru Gautama bila kuficha neno. Akapokewa, akakabidhiwa ng'ombe 400 waliokonda, naye akaapa kutorudi mpaka wafike 1,000.

Kisa hiki hutajwa kama ushahidi kwamba gurukul ilimpokea yeyote. Kisome tena. Gautama anasema hakuna asiye Brahmini awezaye kusema kweli namna ile. Yaani ukweli wa kijana uligeuzwa cheti cha ukoo, ndipo akaingia. Na katika ile orodha ya umri, Mshudra, mtu wa tabaka la chini la watumishi, hayumo kabisa.

Ekalavya hakupata hata bahati hiyo. Mahabharata, utenzi mkuu wa India ya kale, inasema alikuwa mwana wa mfalme wa Wanishada, watu wa msituni, na Drona, guru wa silaha wa wana wa kifalme, alikataa kumfundisha upinde. Akaenda porini, akafinyanga sanamu ya Drona kwa udongo, akajifua mbele yake mpaka siku moja akampiga mbwa mishale saba mdomoni kabla hajafumba. Arjuna, mwanafunzi kipenzi wa Drona, akanung'unika kwamba amepitwa. Drona akaenda kudai gurudakshina: kidole gumba cha mkono wa kulia. Kijana akakikata.

Wapo wanaokisimulia kisa hiki kama mfano wa utiifu. Mimi naona mwalimu aliyelipwa kwa somo ambalo hakulifundisha, na bei ikapangwa ili mwanafunzi asiweze tena kulitumia.