Mganga kasema pepo, daktari kasema mawazo

Juzi kwenye grupu letu la ukoo la WhatsApp iliingia habari ya binti mmoja wa Kisauni, miaka 20 na ushei. Kila baada ya siku kadhaa humshika ghafla: kichwa kinamgonga, jasho linamtiririka, moyo unamwenda mbio, uso unapauka. Kitambo kidogo, ametulia kama si yeye. Ushauri ukamiminika. Asomewe. Anywe kombe. Huyo ana pepo wa ukoo. Shangazi mmoja akamaliza kazi: aozwe, atapoa.

Hao hawakuniudhi. Nimekulia kwenye nyumba ya kombe na sina ugomvi nalo. Kilichonipandisha mori ni kwamba binti alishapelekwa kliniki. Akapimwa presha siku aliyokuwa mzima, ikaonekana sawa, akarudishwa nyumbani apunguze mawazo. Sasa mganga kasema pepo, daktari kasema mawazo. Tofauti naiona ni koti jeupe tu.

Kichwa, jasho na moyo kudunda, vyote vikija pamoja na kwa vipindi, vinatosha kumfanya daktari afikirie tezi za adrenali, zile mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Ndani yake huweza kuota uvimbe uitwao feokromositoma, ukawa unamwaga adrenalini na noradrenalini ovyo. Kipindi kikipita, presha yaweza kuwa ya kawaida kabisa. Ndiyo maana kumfunga mtu kile kitambaa mkononi mara moja na kumwambia "uko sawa" si kupima. Kupima ni kutafuta metanefrini, mabaki ya homoni hizo, kwenye damu au kwenye mkojo uliokusanywa kwa saa 24. Kidumu cha mkojo, jamani! Picha ya CT hufuata baadaye, kwa sababu watu wengi wana vivimbe vya adrenali visivyo na madhara, na anayeanza na picha anaweza kuishia kumpasua asiyeumwa.

Na hao wa pepo wa ukoo, nusura wapatie: karibu theluthi ya wenye feokromositoma wameirithi. Akipatikana nayo mmoja, ndugu zake nao waangaliwe.

Haya, nakubali, shingo upande: ni ugonjwa adimu, na wengi wanaodundwa na moyo hawana. Lakini ukisahauliwa unaua, wakati mwingine kwa mkono wetu wenyewe. Mpe mgonjwa huyu propranololi kwanza, eti moyo utulie, na presha yaweza kupaa, kwa kuwa mishipa inabaki imebanwa bila cha kuilegeza. Huanza dawa ya kulegeza mishipa, mfano doksazosini, wiki moja au mbili. Ya moyo baadaye ikihitajika. Kisha ndipo upasuaji, mara nyingi kwa matundu madogo. Na siku hizo za kungoja huambiwa ale chumvi na anywe maji kwa wingi. Chumvi! Sisi wengine tumenyimwa hata achari.

Kuna na uvimbe wa adrenali unaomwaga kortisoli, homoni nyingine ya tezi hizo. Mtu uso unakuwa wa mviringo, tumbo linapata michirizi ya zambarau, mitaani tunasema ndoa imemkubali.

Ila kinachonikera kuliko vyote ni ugonjwa wa Conn, kwa kuwa huo hauna udhuru wa uadimu. Jerome Conn aliueleza Marekani mwaka 1955: adrenali inatoa homoni ya aldosteroni kupita kiasi, mwili unazuia chumvi, potasiamu inapotea. Kati ya watu 100 wenye presha, 5 hadi 10 wanao, pengine zaidi. Nawajua wazee wa Majengo wanaomeza vidonge vya aina tatu, nne, presha haishuki, na kila wakirudi kliniki wanasutwa kwamba hawafuati masharti. Masharti gani tena? Wale mawe? Mwaka 2025 mwongozo wa wataalamu wa homoni umependekeza kila mwenye presha ya juu apimwe aldosteroni na renini, kemikali ya figo inayoiamsha aldosteroni. Kila mmoja.

Najua, si kila maabara ina kipimo hicho, na bei si ya kitoto. Lakini ikionekana tezi moja ndiyo yenye makosa, inatolewa. Zikiwa zote mbili, kuna spironolaktoni, kidonge cha zamani sana. Baba yako akienda kliniki, mwandikie kwenye karatasi: aldosteroni, renini. Ampe daktari. Akikunja uso, na akunje.