Chumba cha Ndani

Siku ya tisa ya mfungo ndiyo siku niliyofungwa kweli.

Ilikuwa Januari, na mnajua mambo ya Januari kanisani. Tulitangaziwa siku 21, majuma matatu kama ya Danieli, asubuhi mpaka saa 12 jioni, maji ruksa. Siku nane za kwanza nilifunga tumbo tu, kichwa kikawa kinazurura. Nikisema "Baba yetu" nakumbuka luku imebaki yuniti mbili. Nikisema "uliye mbinguni" nawaza bati linalovuja. Kufika "amina" nimeshapanga kikosi cha Simba cha Jumamosi, na kipa nimembadilisha.

Jumapili mchungaji akasoma Mathayo 6:6, pale pa kuingia chumba chako cha ndani na kufunga mlango. Nikasema dawa yangu ndiyo hii. Sasa nyumba yetu ya Mbagala chumba cha ndani kipo wapi? Sebuleni kuna runinga, vyumbani kuna watoto. Kilichobaki ni stoo. Haina dirisha, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na ndimo mke wangu anamohifadhi ubuyu wake wa biashara.

Simu nikaiacha mezani makusudi. Saa 9 alasiri nikaingia, nikafunga mlango.

Dakika kumi zilikuwa tamu, siwadanganyi. Ya kumi na moja, iliki ikaanza kunitembelea. Mke wangu huchemsha sukari, rangi, iliki na pilipili kidogo mpaka shira iwe nzito, ndipo anamwaga ubuyu na kugeuza. Beseni zima, vifuko vya shilingi 200, lilikuwa mbele ya magoti yangu. Nikaona hili ni jaribu, heri nitoke. Nikavuta kitasa. Mpini ukabaki mkononi, na mwenzake wa upande wa pili nikausikia ukidondoka sebuleni.

"Fungua!"

Kimya. Halafu mke wangu akiwanong'oneza watoto: "Shhh, baba yenu anaomba."

"Fungua mlango!"

"Amina!"

Hiyo haikuwa sauti ya mke wangu. Ilikuwa ya mama mmoja wa kwaya, kafuata oda yake ya vifuko 50. Huyo mama, mambo ya kuitikia maombi, kanisa zima tunamjua.

"Jamani nimekwama humu!"

"Mkwamue, Baba!"

"Nakufa na joto!"

"Moto! Moto wa Roho!"

"Mke wangu, nitoe!"

"Mtoe, Bwana! Mtoe kwenye kila kifungo!"

Nikaupiga mlango ngumi. Wakaanzisha pambio. Nikapiga zaidi, nao wakaongeza makofi kufuata mapigo yangu, na nikiri kwamba tulikuwa tunaenda sawa kabisa.

Mwishowe nikakata tamaa, nikakaa juu ya gunia la mkaa. Hapa niseme ukweli. Kokwa ya kwanza niliweka mdomoni kwa ajili ya koo, maana nilikuwa nimepiga kelele sana. Ya pili ilikuwa kwa ajili ya ile ya kwanza. Tena ubuyu haumezwi, unafyonzwa, kwa hiyo nikajihesabia kwamba kiufundi bado nimefunga. Nafyonza, natema mbegu mfuko wa shati, nafyonza. Kwa mara ya kwanza tangu mfungo uanze, akili yangu yote ilitulia mahali pamoja.

Kitinda mimba wetu, miaka sita, ndiye aliyeokota kile chuma sakafuni, akakichomeka tunduni kwa kuchezea. Mlango ukafunguka. Saa 11 kasorobo.

Nikasimama pale mlangoni, jasho linatiririka, midomo, ndevu na vidole vyote vyekundu. Mama wa kwaya akarudi nyuma hatua mbili.

"Damu ya Yesu!"

Mke wangu hakurudi nyuma. Alisogea, akaninusa shavuni.

"Iliki," akasema, akanipita kwenda kuhesabu beseni.

Mama wa kwaya aliondoka na vifuko 36. Usiku, wote wamelala, nikafungua daftari la wadeni wa ubuyu. Chini ya jina la fundi cherehani paliandikwa kwa kalamu nyekundu: "Baba watoto, vifuko 14. Alisema anaomba."