"Mwalimu, zinatosha?" Mchujo wa timu ya taifa ukitazamwa kutoka Tanga

Katika uwanja wa shule moja hapa Tanga mjini, wakati wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, nilisimama karibu na mstari wa kumalizia mbio za mita 100. Mistari ilikuwa imechorwa kwa chokaa asubuhi ile, na kufikia mbio za nne ilishafutika nusu kwa nyayo za watoto. Walimu watatu walishika saa. Kijana wa njia ya tatu, anayetokea upande wa Pangani, alimaliza wa kwanza akiwa peku. Saa ya kwanza ilisoma 11.0, ya pili 11.2, ya tatu 11.3. Kanuni inasema saa tatu zikipishana huchukuliwa ile ya katikati, hivyo akaandikiwa 11.2. Akaja anahema, mikono kiunoni, akauliza, "Mwalimu, zinatosha?" Mwalimu akamshika bega. "Umekimbia vizuri, mwanangu." Swali lenyewe hakulijibu, kwa sababu jibu hakuwa nalo.

Nalikumbuka swali lile kila inapotangazwa timu ya taifa. Majina yakitoka tu, barazani Ngamiani kahawa inapoa watu wakibishana. Wako wanaosema fulani kabebwa. Wako wanaosema hatuna watu, tunakwenda kusindikiza wenzetu kama kawaida. Ukiwasikiliza kwa makini utaona ugomvi ni wa kambi mbili, na zote mbili zina hoja nzito.

Kambi ya kwanza inataka mchujo. Watu wakusanywe siku moja, uwanja mmoja, wakimbie, na wa mbele waende. Uzuri wake hauhitaji maelezo kwa Mtanzania anayelijua neno undugunaizesheni. Kwenye mstari wa kumalizia hakuna mjomba. Marekani ndivyo wanavyofanya katika riadha: watatu wa kwanza kwenye mchujo, wakiwa na viwango, ndio wanaokwenda Olimpiki, hata aliyeachwa awe na jina kubwa namna gani. Mwaka 1992 Dan O'Brien, bingwa wa dunia wa michezo kumi, alikosea mara tatu kuruka kwa upondo kwenye mchujo wa New Orleans, akabaki nyumbani wenzake wakienda Barcelona. Miezi mitatu haikupita akavunja rekodi ya dunia. Timu ilipoteza mtu bora, hilo halina ubishi. Lakini hakuna aliyeweza kusema O'Brien alionewa. Kanuni ilijulikana kabla, nayo ilimkuta yeye kama ambavyo ingemkuta mwingine yeyote.

Kambi ya pili inasema mwili wa binadamu si mtihani wa darasa la saba, upangiwe siku moja na kila mtu afanye. Waachiwe makocha na kamati ya ufundi watazame msimu mzima. Hapa mfano wetu wenyewe unatosha. Alphonce Simbu alishika nafasi ya pili marathoni ya Boston Aprili 2025, na Septemba mwaka huohuo akatwaa dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia jijini Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Katikati ilipita miezi mitano. Mkimbiaji wa marathoni akitoka kwenye mbio kubwa anahitaji wiki kadhaa za kupumzika, kisha miezi mitatu au minne ya kujijenga upya. Tungemwambia Simbu aje Arusha mwezi wa saba akimbie mchujo wa kilomita 42 ili haki ionekane, angefika Tokyo na miguu gani? Haki ile ingetugharimu dhahabu.

Kwa hiyo kwenye marathoni niko na kambi ya pili. Tena huko ugomvi wenyewe ni mdogo, kwa kuwa kiwango kinachuja chenyewe. Kwa Paris 2024 mwanamume alitakiwa saa 2:08:10 na mwanamke 2:26:50, na kila nchi haizidishi wanaume watatu na wanawake watatu. Waliofikia kwetu walikuwa Simbu, Gabriel Geay, Magdalena Shauri na Jackline Sakilu, wakaenda. Hapakuwa na cha kuuliza.

Wanaoipinga kamati wana mfano mzuri kutoka Ethiopia. Kwa mbio zilezile za Paris, Tamirat Tola aliwekwa akiba. Sisay Lemma akaumia zikiwa zimebaki wiki chache, Tola akaingizwa, akashinda kwa rekodi ya Olimpiki ya 2:06:26. Unaweza kusema kamati ilimwacha nje mtu ambaye siku ile ndiye aliyekuwa bora duniani. Unaweza pia kusema kamati iliyomweka akiba ilijua inafanya nini. Mimi ninachokiona pale ni kwamba wa akiba alikuwa amejiandaa kana kwamba yeye ndiye anayekwenda. Kwetu wa akiba ni jina kwenye karatasi. Akipigiwa simu ghafla utamkuta shambani au kwenye bodaboda, mazoezi aliyaacha siku alipoambiwa hayumo.

Nirudi kwa kijana wa Pangani, maana mabishano ya kambi hizi mbili yanampita pembeni. Zote zinabishania siku ya mwisho, na yeye alishaachwa kabla ya hapo.

Muda wa saa ya mkononi haukubaliki kufuzu mashindano makubwa ya mbio fupi. Lazima uwe wa mtambo wa kielektroniki unaoanza kwa mlio wa bastola na kusimama kwa picha ya mstarini. Ukitaka kulinganisha, kanuni inaongeza sekunde 0.24 kwenye muda wa mkono wa mita 100, kwa sababu jicho na kidole huchelewa kubonyeza. Na upepo je? Upepo wa nyuma ukizidi mita 2 kwa sekunde, muda hauhesabiwi. Sasa sisi tunakaa pwani. UMISSETA ya mkoa hufanyika katikati ya mwaka, kusi likiwa limekaza, na uwanja ule umelala kusini kwenda kaskazini. Watoto walikimbia upepo ukiwasukuma mgongoni, na kipimo cha upepo hakikuwapo. Inawezekana 11.2 ile ilikuwa zawadi ya kusi. Inawezekana pia saa iliyosoma 11.0 ndiyo iliyokuwa sahihi, na kwamba mtoto yule akipewa viatu vya misumari na njia ya kukimbilia iliyotandikwa mpira laini atashangaza watu. Hakuna ajuaye, na hilo ndilo linaloniuma. Ile dhahabu ya Simbu yenyewe ilitoka kwenye picha. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, tofauti yao ikiwa sehemu tatu za mia za sekunde. Kwa walimu watatu na saa zao, huenda medali ile ingekwenda kwingine.

Basi hata ukiitisha mchujo wa haki kabisa Dar es Salaam, Uwanja wa Mkapa, ukampanga kijana huyu na mwenzake aliyetoka kambini, kanuni itakuwa moja na mazingira mawili. Mmoja amezoea vibao vya kuanzia, mwingine anaviona kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mmoja amelala hotelini, mwingine kashuka basi la usiku. Atashindwa, na karatasi itasema alishindwa kwa haki.

Viongozi wa michezo wana jibu, nalo si la kupuuzwa. Fedha ni chache, wanasema, lazima ziende kwenye medali, na ukichukua ramani ya medali zetu za riadha utapanda milimani. Medali zetu za Olimpiki mpaka leo ni mbili tu, zote fedha, zote Moscow 1980: Filbert Bayi kwenye kuruka maji na viunzi, Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000. Bayi ni wa Karatu. Simbu ni wa Singida. Hewa nyepesi ya juu inajenga damu na mapafu kwa namna ambayo sisi wa usawa wa bahari hatuwezi kuiiga. Kupeleka mtambo wa kupimia Tanga kwa ajili ya mkimbiaji ambaye huenda hayupo, ukamnyima kambi mkimbiaji wa Mbulu ambaye yupo, ni haki ya aina gani? Ningekuwa na kapu moja la pesa mkononi, sijui kama ningefanya tofauti.

Ila hoja hiyo inafaa kwa mbio ndefu peke yake. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham 2022 tulirudi na medali tatu. Moja ilikuwa fedha ya Simbu. Mbili, za shaba, zilikuwa za ngumi: Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe. Ngumi haziulizi mwinuko. Tanga ndiko alikotoka Hassan Mwakinyo, ambaye mwaka 2018, hukohuko Birmingham, alimsimamisha Sam Eggington raundi ya pili. Yeye ni wa ngumi za kulipwa, njia yake haikupita kwenye kamati ya timu ya taifa, lakini mikono ile haikufundishwa mlimani.

Kisha kuna kuogelea. Paris tulikuwa na waogeleaji wawili, Collins Saliboko na Sophia Latiff, kwa zile nafasi za upendeleo ambazo nchi hupewa bila mwanamichezo kufikia kiwango cha juu. Sina neno baya juu yao, wamefanya kazi kubwa. Neno langu ni juu ya nafasi zenyewe. Pale ambapo kiwango hakichuji, ndipo kanuni ya kuteua inapotakiwa kuwa wazi kuliko popote, na nafasi hizi humwangukia mwenye bwawa, klabu, kocha na nauli ya mashindano ya nje. Nenda Raskazone jioni maji yakijaa uone watoto wanavyoyakata. Wengine wamejua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Ni kweli bahari si bwawa. Kugeuka ukutani na kuruka toka kwenye jukwaa hawakujui, na ukimtia mmoja wao bwawani kesho ataachwa mbali. Lakini hakuna aliyewahi kumtia.

Kwa maoni yangu, chama kinachosimamia mchezo kinapaswa kutoa kanuni ya uteuzi mwaka mzima kabla ya mashindano, kwa Kiswahili, ibandikwe ofisi ya michezo ya kila mkoa: nafasi ni ngapi, ngapi za mchujo, ngapi za kamati, muda unaohitajika, na saa gani inakubalika. Kamati ikimwacha aliyeshinda mchujo, iandike sababu na kutia sahihi. Aliyeachwa apewe siku za kukata rufaa kabla majina hayajatumwa. Wenzetu huko nje hufika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyopo Lausanne, Uswisi. Mtoto wa Pangani Lausanne ataifikiaje? Rufaa yake iishie hapahapa nchini, mbele ya watu ambao hawakukaa kwenye kikao kilichomwacha.

Maandalizi nayo yatangulie uteuzi. Tumezoea kambi za zimamoto, jina linatoka leo na ndege ni mwezi ujao. Kinachotuokoa ni majeshi. Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathoni wa zamani, alikuwa mwanajeshi, Simbu ni mwanajeshi, na mtu mwenye mshahara na ruhusa ya kufanya mazoezi kila siku anaweza kujiandaa miaka minne bila kusubiri barua ya mtu. Asiye askari hana pa kuegemea. Na si lazima kila kambi iwe Arusha. Mashindano makubwa mengi huangukia kwenye joto, kama Tokyo ile, na mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kulizoea joto. Joto na unyevu wa Tanga vinapatikana bure. Wakimbiaji wa milimani wakishuka kwetu wiki mbili za mwisho, watoto wa hapa wangekimbia nyuma yao asubuhi barabara ya Raskazone na kuona kwa macho wapungukiwacho.

Baada ya mbio zile nilimwomba mwalimu anionyeshe karatasi ya matokeo. Aliipiga picha kwa simu yake ili kijana abaki na nakala. Jina lilikuwepo, shule ilikuwepo, nafasi ya kwanza, 11.2. Kwenye safu ya upepo hapakuandikwa kitu.